Kisio kabla ya kitufe: shajara ya mradi wa teknolojia katika vipindi vya hisabati

Kabla ya muhula

Mradi huu unahusu madarasa yangu ya hisabati ya sekondari na swali moja tu: kompyuta ikiingia darasani, mwanafunzi anafikiri zaidi au anapumzika? Mipango mingi ya teknolojia niliyowahi kuisoma hupima mambo yanayoonekana haraka, kama vile vipindi vingapi vimetumia projekta na wanafunzi wangapi wameshika kompyuta. Hivyo ni vipimo vya matumizi ya umeme. Kwa hiyo malengo yangu nimeyaandika kwa kumtaja mwanafunzi na anachofanya, kifaa nimekiacha nyuma.

La kwanza, na ndilo linalobeba mengine: mwanafunzi aandike kisio lake kwenye daftari, kwa kalamu, kabla mtu yeyote hajabonyeza chochote. La pili: aeleze kwa maneno yake kinachobadilika na kisichobadilika namba fulani ndani ya mlinganyo inaposogezwa. La tatu: ajenge maumbo kwa sifa zake, asiyachore kwa jicho. La nne: ajue kifaa humpotosha mtu wapi na kwa sababu gani. La tano ni langu mwenyewe: kusahihisha mazoezi ya kawaida kusinilie jioni zote.

Programu nimechagua tatu. GeoGebra kwa maumbo na grafu, lahajedwali (jedwali la kompyuta linalohesabu kwa fomula) kwa namba, na lugha ya programu ya Python kwa kuchora kwa amri. Zote zinapatikana bila malipo (kwa lahajedwali nimeweka LibreOffice), na zikishasakinishwa zinafanya kazi hata intaneti ikikatika. Hilo la mwisho si dogo. Kipindi kinachotegemea intaneti kina walimu wawili, na mmoja wao haji kila siku.

Kompyuta hazitoshi kila mwanafunzi kuwa na yake, na hata zingetosha nisingempa kila mmoja yake. Watakaa watatu watatu. Mmoja anashika kipanya, wa pili anaandika, wa tatu kazi yake ni kubisha. Zamu zinabadilika kila swali jipya.

Mstari ulionyooka

Tumeanza na y = 2x + 1 ubaoni. Kabla ya kuwasha chochote: chora mstari huu, kisha chora utakavyokuwa 2 ikigeuka 3, kisha utakavyokuwa 1 ikigeuka −4. Dakika chache za ukimya na rula.

Kuhusu ile namba ya mwisho karibu wote walipatia. Mstari unashuka mzimamzima. Kuhusu namba inayozidisha x ndipo palipokuwa na mavuno. Wapo walioinua mstari juu badala ya kuusimamisha zaidi, kwa hoja kwamba 3 ni kubwa kuliko 2 kwa hiyo kila kitu kinapanda. Hoja hiyo si ya kijinga. Upande wa kulia wa grafu ni kweli kila kitu kinapanda. Walipoburuta kitelezi cha m kwenye GeoGebra (m ni namba inayozidisha x, c ni ile ya mwisho), macho yao yalikwenda upande wa kushoto, ambako mstari uleule ulikuwa unashuka, na ile nukta ya (0, 1) haikutikisika hata kidogo. Kikundi kimoja kiliandika: "m inazungusha, c inabeba." Nimeinakili ukutani kama ilivyo.

Swali lililozua kelele ni m = 0. Wengine walikisia mstari utatoweka, "kwa sababu x imefutwa". Mbishi wao akauliza, "Sasa y itakuwa ngapi?" Wakaburuta. Mstari ukalala chali pale y = 1. Bila kisio lile lililoandikwa, picha hiyo ingepita kama picha nyingine yoyote. Kwa kuwa walikuwa wameshaandika kwamba utatoweka, ilibidi waeleze kwa nini haukutoweka, na maelezo yalitoka kwao: x iko huru, y ndiyo iliyofungwa.

Kisha nikawauliza ni thamani gani ya m itakayousimamisha mstari wima kabisa. Walijaribu 100. Walijaribu 1000. "Umesimama, mwalimu." Nikawaambia wakuze picha. "Bado haujasimama." Hapo niliwaacha hadi kipindi kingine, makusudi kabisa.

Jambo la pembeni ambalo sikuwa nimelipanga: mistari y = 2x na y = −½x hukatana kwa pembe mraba, maana mteremko wa mmoja ukizidishwa kwa wa mwingine unapata −1. Kikundi kimoja kilivuta mhimili mmoja tu, mihimili ikawa na vipimo tofauti, na mistari ile ikaonekana imelala ovyo. Programu haijakosea. Picha ya grafu ina haki ya kuitwa sahihi pale tu unapojua mihimili imepimwaje. Nimelihamishia kwenye lengo la nne.

Pembetatu na ile 179.99

Mada ya pembe za ndani za pembetatu ni fupi na kila mtu huijua jibu lake kabla ya kuingia darasani: 180. Nilitaka waichukulie polepole. Wakajenga pembetatu kwenye GeoGebra, wakaiamuru ionyeshe pembe zote tatu kwa desimali mbili, wakaburuta kona huku na kule.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, yangu haifiki." Skrini ilionyesha 47.33, 61.33 na 71.33. Jumlisha: 179.99. Darasa likacheka, kisha likanyamaza, kwa sababu hesabu ilikuwa kweli na kompyuta ilikuwa mbele yao.

Nilitumia karibu kipindi kizima hapo na sijutii. Pembe zenyewe zilikuwa na desimali zaidi. Programu ilizikadiria kila moja peke yake kabla ya kuzionyesha, na vile vipande vidogo vilivyokatwa vikakusanyika. Tuliongeza desimali, pengo likawa dogo zaidi, lakini katika pembetatu nyingine likajitokeza tena mbele zaidi. Hapo ndipo ikawa rahisi kuuliza swali ambalo kwa kawaida huwa naliuliza peke yangu ubaoni bila anayejibu: basi tunajuaje kwamba ni 180 barabara? Kuburuta hakutoshi, maana huwezi kuburuta pembetatu zote. Tukachora mstari sambamba na kitako kupitia kona ya juu, tukahamisha pembe mbili za chini hadi juu, na zote tatu zikapangana kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mara ya kwanza naona darasa likihitaji uthibitisho badala ya kuvumilia uthibitisho.

Mraba unaovunjika

Kazi: jenga mraba ambao ukivuta kona yoyote utabaki mraba. Kila kikundi kilianza kwa kuchora vipande vinne vya mstari kwa jicho, kwa kutumia vigridi vya nyuma. Picha safi kabisa. Nikapita nikivuta kona moja kwenye kila kompyuta. Mraba wa kwanza ukageuka umbo la kishada kilichopigwa upepo, wa pili hivyohivyo.

Jicho huona mraba, programu inaona vipande vinne visivyojuana. Ili uwe mraba kweli, lazima sifa ziandikwe ndani ya ujenzi: upande wa kwanza, mstari unaoukata kwa pembe mraba kwenye ncha yake, duara lenye nusu kipenyo sawa na upande ule ili urefu uhamishwe, na kadhalika. Ndiyo kazi ileile ya bikari na rula, ila tofauti yake ni kwamba bikari haikurudishii kazi usoni. Umbo likivunjika, unaona ni sifa ipi uliyoisahau. Likigeuka rombasi, umesahau pembe. Likigeuka mstatili, umesahau urefu.

Lengo la tatu linakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kinachokwamisha ni zile menyu. Wanafunzi wanapoteza muda wakitafuta zana. Nimeficha zana zote isipokuwa sita, GeoGebra inaruhusu hilo, na kelele za "iko wapi?" zimepungua mno.

Kobe anageuka

Python inakuja na kobe wake wa kuchora, mrithi wa kobe wa lugha ya Logo, iliyoundwa mwaka 1967 na Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig nchini Marekani. Kobe yule wa zamani alikuwa roboti wa kweli aliyetambaa sakafuni akiburuta kalamu. Huyu wetu ni alama tu kwenye skrini: unamwambia aende mbele hatua 100, ageuke nyuzi kadhaa, aende tena.

Kazi: mwagize achore pembetatu yenye pande zote sawa. Makisio ya daftarini yalifanana darasa zima. Pembe ni 60, kwa hiyo ageuke 60. Wakaandika amri mara tatu, kobe akatembea, na kilichotokea ni kitu kama bakuli lililo wazi upande mmoja. Nusu ya umbo la pande sita.

Hapa sikusema kitu. Nilimwomba mwanafunzi mmoja asimame atembee pembetatu hiyo sakafuni, na wenzake watazame mabega yake anapofika konani. Mwili haugeuki kuelekea ndani ya pembe. Unageuka kutoka njia uliyokuwa unaifuata hadi njia mpya. Ni 120. "Aah, ni ile ya nje!" Baada ya hapo mambo yalikimbia: pande tano ageuke 72, pande sita ageuke 60, na mtu akagundua kwamba kobe akirudi alipoanzia akiwa ametazama kulekule, jumla ya mageuzi yake ni 360, umbo liwe na pande ngapi. Kikundi kilichowahi kumaliza kiliweka 144 mara tano ili kuona itakuwaje. Nyota. Jumla yake ni 720, kwa hiyo kobe amezunguka mara mbili kamili. Hilo sikulifundisha, na wala halimo kwenye mtaala.

Ninaandika hili kwa urefu kwa sababu ndiyo mada pekee hadi sasa ambayo nadhani isingewezekana kwa chaki. Grafu naweza kuchora ubaoni, mraba naweza kujenga kwa bikari. Lakini amri iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe, ikatekelezwa neno kwa neno bila huruma, haina mbadala.

Wabishi

Mwanzoni wabishi walikaa kimya. Mtu huwezi kumwambia "bisha" akabisha. Nimewapa maswali matatu kwenye kadi: Unajuaje? Ikiwa hasi je? Ikiwa sifuri je? Sasa nafasi hiyo inagombewa. Wale ambao kwa kawaida hawasemi darasani wanabisha vizuri zaidi, nafikiri kwa sababu kadi inawapa ruhusa.

Mwalimu mwenzangu aliyekuja kutazama kipindi alisema kompyuta zinakaa muda mrefu bila kuguswa. Ni kweli. Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyopangwa, hakuonekana kuridhika.

Kipeuo cha pili cha 2

Lahajedwali. Seli ya A1 ina 1. A2 ina fomula =(A1+2/A1)/2, kisha fomula inaburutwa kwenda chini. Wazo lake ni la kawaida kabisa: unatafuta upande wa mraba wenye eneo la 2. Ukikisia upande mrefu mno, 2 gawanya kwa upande huo itakuwa fupi mno. Chukua wastani wa hizo mbili, rudia.

Kisio lilikuwa: itahitaji mistari mingapi hadi namba itulie, yaani ikubaliane na kikokotoo? Majibu yalikuwa makubwa, hamsini, mia. Wakaburuta:

1
1.5
1.416666…
1.414215…
1.41421356237…

Mstari wa tano tayari unalingana na jibu la kweli hadi desimali ya 11. Kila hatua inakaribia kuongeza maradufu idadi ya tarakimu sahihi. Walibaki wakiburuta chini zaidi wakitafuta inapoendelea kubadilika, haibadiliki.

Niliwaeleza kwamba Heron wa Alexandria aliielezea njia hii katika karne ya kwanza, na kwamba kuna kibao cha udongo cha Babeli, YBC 7289, kinachotunzwa Chuo Kikuu cha Yale, chenye namba 1, 24, 51, 10 zilizoandikwa kwa kizio cha 60, yaani kwa kuhesabu sitini sitini badala ya kumi kumi. Badala ya kuwaambia maana yake, niliwapa fomula waijenge: =1+24/60+51/60^2+10/60^3. Inatoa 1.414212963. Kimeandikwa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Ukimya wa darasa hapo ulikuwa wa aina nzuri.

Kisha kadi za wabishi zikafanya kazi. Ukianza na 100? Inapungua kwa nusu karibu kila hatua hadi ifike jirani, kisha inakimbia. Ukianza na −5? Inakwenda kwenye −1.414, na kumbe 2 ina vipeuo viwili. Ukianza na sifuri? Lahajedwali linakataa kugawanya kwa sifuri, na kosa hilo linamwagika hadi seli ya mwisho.

Dado

Fupi. Kurusha dado kwa =RANDBETWEEN(1,6), mistari 20, kisha 2000. Makisio yalikuwa sahihi tangu mwanzo, wanajua kwamba mistari mingi italeta usawa. Kilichowashangaza ni jinsi mistari 20 inavyoweza kuwa ya ajabu: kuna safu ambazo 4 haikutoka hata mara moja. Ningetumia dado za kweli kwanza, ni nzuri zaidi mkononi.

Kifaa kinapopotosha

Nilitenga vipindi viwili kwa lengo la nne. Kila kikundi kilipewa hesabu chache, makisio kwanza, kisha kifaa.

=SIN(30) kwenye lahajedwali. Makisio: 0.5, maana tumeshajifunza. Jibu: −0.988. Lahajedwali linahesabu pembe kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, si kwa nyuzi. Mwanafunzi asiye na kisio angenakili −0.988 na kuendelea na maisha yake.

Hasi mbili kipeo cha pili, iliyoandikwa bila mabano. Excel ikipewa =-2^2 inatoa 4, na LibreOffice yetu vivyo hivyo. Python ikipewa `-2**2` (nyota mbili ndiyo alama yake ya kipeo) inatoa −4. Programu mbili, hesabu moja, majibu mawili, na zote zinafuata kanuni zake kwa uaminifu. Lahajedwali linaitendea ile alama ya hasi kwanza, Python inapandisha kipeo kwanza, kama tunavyofanya daftarini. Ubishi ulikuwa mkali na uliishia mahali pazuri: weka mabano.

0.1 + 0.2 kwenye Python. Inatoa 0.30000000000000004. Hapa nilikuwa mwangalifu nisiwape mhadhara. Niliuliza tu: andika ⅓ kwa desimali, uikate mahali, uizidishe kwa 3. Unapata 0.999. Kompyuta inahesabu kwa kizio cha 2, na kwa kizio hicho 0.1 haina mwisho kama ⅓ isivyo na mwisho kwetu. Lazima iikate mahali. Wakaikumbuka 179.99 wenyewe.

Na la mwisho, ambalo ndilo nilitaka wabebe: n² + n + 41, kanuni inayohusishwa na mwanahisabati Euler. Weka n = 0, 1, 2 na kuendelea. 41, 43, 47, 53, zote namba tasa. Lahajedwali likashuka hadi n = 39, ambayo inatoa 1601, tasa pia. Niliwaomba wapige kura: je, kanuni hii inatoa namba tasa daima? Karibu mikono yote ilipanda. Mbishi mmoja tu alikataa, na hakuwa na mfano; alisema kumuamini mtu kwa sababu hajawahi kukudanganya si hesabu. n = 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 mara 41. Yule mbishi alikuwa na haki ya kutamba, na alitamba.

Kusahihisha

Majaribio mafupi ya kuchagua jibu, yanayojisahihisha. Yanaokoa muda, lengo la tano limefikiwa kwa kiasi. Yana faida pale tu majibu ya uongo yanapotungwa kutokana na makosa halisi. Kwa (a + b)², jibu la a² + b² lazima liwepo, maana ndilo litakalokuonyesha nani bado anagawa kipeo kama anavyogawa namba ya kuzidisha. Kutunga majibu hayo ndiko kunakochukua muda sasa. Njia ya kufikia jibu bado naisoma daftarini kwa macho yangu, na sina mpango wa kuacha.

Muhula ujao

Lengo la pili ndilo linalobaki nyuma. Wanaona kinachobadilika, wanakisema kwa mdomo vizuri kabisa, kukiandika bado. Sentensi za daftarini ni za aina ya "mstari ulienda". Nitaanza kuwauliza waandike maelezo kwa mtu asiyeiona skrini, kisha kikundi kingine kichore kutokana na maandishi hayo bila kompyuta. Mada ya kwanza itakuwa parabola, y = a(x − h)² + k, ambapo karibu kila mtu hukisia kwamba (x − 3) inaisogeza picha kushoto.

Zile zana sita za GeoGebra nitaziongeza kuwa nane. Kadi za wabishi zimechakaa, nichapishe nyingine, na swali la nne liongezwe: Ukiendelea mbele zaidi je?